Mahali Pasipo na Geti

Chai iliyokaa kwenye chupa tangu alfajiri ina harufu yake. Si mbaya, lakini pia si ya chai ya jikoni. Maziwa huwa yameiva kupita kiasi, na kifuniko cha plastiki kinatoa ladha ya kila kitu kilichowahi kumiminwa humo. Mwezi uliopita nilifungua chupa ya namna hiyo kwenye nyasi za bustani moja ya Nairobi ambayo hailipishi mtu kuingia. Watoto wangu wawili wakaziba pua. Mimi nikajikuta nimesimama, kikombe mkononi, macho yakipita kwenye migongo ya watu kana kwamba kuna mtu nimempoteza.

"Mum, si ukae," mkubwa akaniambia.

Nilikaa, lakini miguu yangu ilikataa kutulia.

Kila Ijumaa jioni mimi huanza kuwaza ni wapi tutakwenda. Natafuta mahali penye kivuli na choo, ambapo mtoto anaweza kukimbia bila mtu kumpigia filimbi, na nauli isitumalize. Kupanga hivyo sikujifunza Nairobi. Mama ndiye aliyenifundisha, Nyeri, nilipokuwa darasa la tatu. Kwa miezi michache mwaka huo tulitoka nyumbani kila Jumamosi kana kwamba nyumba inawaka moto.

Tuliishi katika ploti moja pale mjini, vyumba kumi vikitazamana, kamba za nguo katikati. Baba alikuwa akifanya kazi ya mjengo mbali, tukimwona mwisho wa mwezi. Kwa hivyo nyumbani tulikuwa wanne: mama, mimi, ndugu yangu Ndirangu aliyekuwa na miaka mitano, na Wangeci, mdogo wake mama. Sisi tulimwita Tata, kama watu wetu wanavyomwita dada ya mama. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na akicheka majirani walicheka pia kabla ya kujua ni kitu gani. Mama alikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule katika kibanda karibu na stendi. Kwa mashine hiyo alitulisha, na kwa mashine hiyo alikuwa akimsomesha Tata ushonaji.

Asubuhi moja nilikuwa bado kitandani, nyuma ya pazia, nikamsikia mama akizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Umeharibika! Umeharibika ukiwa kwangu! Sasa nitamwambia nini mama yetu?"

Jibu la Tata sikulisikia, aliongea chini chini. Nilisikia tu zipu ya begi, kisha mlango. Nilipotoka nyuma ya pazia, mama alikuwa amekaa akiangalia kikombe cha uji ambacho hakikuwa chake.

"Tata ameenda wapi?"

"Ameenda kazi."

Leo najua Tata alikuwa na mimba ya miezi sita, na mwanamume aliyempa alikuwa amebadilisha mji na namba ya simu. Wakati ule nilikuwa na neno moja tu, kuharibika. Redio yetu iliwahi kuharibika. Mama aliipeleka kwa fundi karibu na soko, ikakaa huko wiki mbili, ikarudi ikiongea vizuri kuliko zamani. Basi nikaamini Tata naye amepelekwa mahali, na siku moja atarudishwa. Nilishangaa tu kwamba alibeba mpaka nguo za kanisa.

Wiki tatu baadaye ikaja habari kutoka kwa shosho, mama yake mama, kijijini. Ilipokelewa na jirani yetu Mama Njoki, ambaye ndiye peke yake katika ploti aliyekuwa na simu. Sikuambiwa habari yenyewe. Ninachokumbuka ni kwamba Ijumaa ile mama alirudi nyumbani, akatoa kalenda ya mwaka uliopita, akageuza karatasi upande mweupe na kuanza kuandika majina ya miji, kama ramani.

"Kesho tunaenda kutembea," akasema.

Ndirangu alirukaruka mpaka akagonga meza. Sisi hatukuwa watu wa kutembea. Jumamosi ilikuwa siku ya mama kibandani; wazazi walishuka kutoka vijijini kuagiza sweta, na yeye alirudi jioni vidole vimekuwa vyekundu kwa uzi. Sasa alikuwa anafunga kibanda kwa kufuli siku ile ile ya wateja, na mimi sikujiuliza swali hata moja. Nilidhani mama amebadilika. Nilidhani kuna mama wa namna hiyo, wa matembezi, na hatimaye tumempata.

Alipanga kama mtu anayepika. Kwanza mahali, na sharti la mahali lilikuwa pasiwe na geti. "Penye geti ni pa watu wa pesa," alisema. "Sisi tutaenda mahali Mungu hakuweka askari." Kisha chakula, ambacho kilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye gazeti, mayai, nduma ikipatikana, na ile chupa ya chai ambayo kuibeba ilikuwa kazi yangu. Kulikuwa na leso moja ya kukalia. Kama pana mteremko wa kurudia, tulikwenda kwa gari na kurudi kwa miguu mpaka Ndirangu aanze kulia, ndipo tupande gari tena.

Mara ya kwanza tulishuka tu Mto Chania, chini ya mji. Vijana walikuwa wakiosha magari, wanawake wakianika mablanketi juu ya mawe. Mimi na Ndirangu tulivua viatu. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mpaka kwenye meno. Nilitaka tukae hapo mpaka jua lizame, lakini hata yai sikuwa nimelimaliza mama akaanza kukunja leso.

"Kule mbele ni kuzuri zaidi," akasema.

Tukaenda kule mbele. Alisimama na kina mama waliokuwa wakifua, akawasalimia, akaongea nao huku akipima kwa mkono hewani urefu wa mtu. Wakatikisa vichwa. Akarudi. "Twendeni. Kule mbele ni kuzuri zaidi."

Kule mbele hatukuwahi kufika. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi katika Jumamosi zile, kwamba kila mahali palikuwa pazuri na hakuna hata mahali pamoja tulipokaa. Chai tuliinywa tukiwa tumesimama. Nilijifunza kumenya kiazi nikitembea. Na bado nilizipenda. Nilikuwa mtoto aliyezoea kungoja kibandani chini ya meza ya mashine, kati ya vipande vya uzi, na sasa nilikuwa nikiiona dunia.

Karatina tulikwenda siku ya soko. Mama alitushika mikono akapita safu kwa safu. Nyanya, kabeji, karoti zenye udongo bado, kisha nguo za mitumba zilizorundikwa juu ya maturubai. Mikokoteni ilipita ikipigiwa mbinja na wenyewe, nasi tulirukia pembeni. Mama hakununua kitu. Hakuangalia hata bei. Aliangalia wauzaji, na hasa migongo ya wasichana warefu. Ghafla akaniachia mkono. Alikimbia, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, akaruka gunia la viazi na kumshika bega msichana mwenye sweta ya bluu.

Msichana akageuka. Hakuwa mtu tunayemjua.

"Pole," mama akasema. "Pole sana. Nimekufananisha."

Alirudi kwetu taratibu, akihema. Ndirangu akamwuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelikalia kwa wiki mbili.

"Mami, kwani tunatafuta nini?"

"Tunatafuta pahali pazuri pa kukaa," mama akajibu, akapenga kwa ncha ya leso.

Siwezi kusema kwamba sikujua. Nilijua kama unavyojua kuna mtu nyuma ya mlango. Lakini sikuufungua. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Othaya, na huko tulikaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mama alituacha kwenye nyasi nje ya hospitali moja akaingia ndani. Kutoka pale tuliona mashamba ya chai yakipanda na kushuka, mabichi mpaka macho yanachoka, na watu wadogo wenye vikapu mgongoni wakitembea juu yake. Ndirangu alivingirika chini ya kilima mara ishirini. Mimi nilivingirika mara mbili, kisha nikakaa nikiangalia mlango. Mama alipotoka alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Wodi ni safi," akasema, kana kwamba tumemwuliza.

Jioni ile, mama alipokuwa akitoa nguo kwenye kamba na Mama Njoki, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya shuka nikicheza na Ndirangu. Ndipo nilipousikia ule mlango nisioufungua ukifunguka wenyewe.

"Na kazi je?" Mama Njoki aliuliza. "Wateja wamekuja leo tena. Nimewaambia umeenda matanga."

"Nifanye nini? Shosho ya watoto anasema Wangeci hajafika huko. Tangu nimfukuze hakuna mtu amemwona."

"Atapatikana."

"Nikimpata tu, nitatulia. Hii kuzunguka yote itaisha. Jumamosi nitarudi kwa mashine yangu."

Mtu mzima angesikia hapo uchungu wa mwanamke aliyemfukuza mdogo wake. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilisikia jambo lingine kabisa. Tata akipatikana, matembezi yanaisha. Mto unaisha, vilima vinaisha, mayai ya kumenya barabarani yanaisha. Nitarudi chini ya meza.

Sikufikiria ubaya. Nilifikiria tu kwamba fundi wa Tata apewe muda kidogo zaidi.

Sagana ilikuwa na joto. Ukitoka Nyeri unashuka na kushuka, na ukifungua mlango wa gari hewa inakukumbatia kama mtu aliyetoka jikoni. Tulitandika leso karibu na mto, chini kidogo ya daraja, na malori yakapita juu yetu kwa ngurumo. Mama alituambia tusisogee, akapanda barabarani kwa wauzaji wa ndizi na mananasi. Niliweza kumwona, mkono wake ukipima urefu ule ule hewani.

Ndirangu akashikwa na haja. Nikamshika mkono, tukapanda mpaka nyuma ya hoteli moja ndogo ya mabati iliyokuwa ikikaanga samaki, kwa sababu mwanamke mmoja alituelekeza kwamba choo kiko huko. Ndirangu akaingia. Mimi nikabaki nje.

Hapo nyuma, juu ya jiwe, Tata alikuwa amekaa akisugua sufuria.

Tumbo lake lilikuwa kubwa mpaka sufuria ameiweka pembeni, hawezi kuipakata. Alikuwa amenenepa mikono. Uso ulikuwa unang'aa kwa jasho na mvuke. Nilimwangalia kwa makini, kutoka kichwani mpaka miguuni, nikitafuta alipoharibika, na sikupaona. Alikuwa mzima. Alikuwa hata akiimba kidogo.

Akainua macho.

Aliacha kuimba. Alifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja na upande mwingine, akasimama kwa kujishika kiuno. Hakuniita. Aliinua mkono mmoja, polepole, kama mtu anayeogopa kufukuza ndege. Na akaangalia nyuma yangu, kwenye njia niliyotokea, akingoja mtu atokee.

Mimi nikainua mkono pia. Kisha Ndirangu akatoka chooni akivuta suruali, nikasimama katikati yake na Tata, nikamgeuza mabega, tukashuka.

Mama alikuwa amerudi kwenye leso.

"Mlikuwa wapi?"

"Choo."

"Kuko na watu wengi huko nyuma?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni kuchafu. Mami, twende. Kule mbele ni kuzuri zaidi."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu Tata aondoke, na alicheka kwa sababu nilikuwa nimemwiga vizuri. Akakunja leso. Tulipokuwa tukivuka daraja kwenda kungoja gari, sikugeuka nyuma. Nilihisi ule mkono ulioinuliwa umeshikilia kola ya gauni langu mpaka Karatina.

Baada ya hapo matembezi niliyoyalinda yakakosa utamu. Nilipata Jumamosi tatu zaidi. Mimi ndiye niliyechagua mahali, nikiegemea bega la mama Ijumaa jioni na kumwonyesha upande wa juu wa karatasi, mbali na Sagana. Kiganjo. Kisha mlimani nyuma ya mji. Mama alishangaa jinsi nilivyopenda kupanga. Lakini yai nililirudisha kwenye gazeti bila kulimaliza. Usiku miguu iliniuma ingawa haikuwa imetembea sana, na darasani niliambiwa mara mbili nikae vizuri. Kila mahali tulipofika nilitaka tuondoke. Sasa tulikuwa wawili tusioweza kukaa, mama na mimi, na Ndirangu peke yake katikati yetu akiuliza kama anaweza kumalizia chai yake.

Mara ya mwisho ilikuwa Naro Moru. Nilikuwa nimemwambia mama twende tukauone mlima kwa karibu, tuone kama theluji ni nyeupe kweli. Mlima haukuonekana. Ulikuwa umejifunika, na kabla ya saa sita mvua ikashuka, ile ya huko, ya baridi, inayokuja ubavuni. Tulikimbilia kibanda kitupu cha kuuzia viazi kando ya barabara. Soli ya kiatu cha mama iliachana na kiatu matopeni. Akaiokota, akaiangalia, akajaribu kuirudisha kwa mkono. Kisha akakaa chini kwenye mbao, matope na yote, na nikaona ameshindwa.

"Nilimfukuza," akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Mtoto wa mama yangu. Nilimfukuza na tumbo lake, na sasa ananyeshewa mahali."

Ndirangu akamshika sikio, kama alivyozoea kufanya akitaka kulala. Mvua ilipiga mabati mpaka ikabidi niseme kwa sauti.

"Mami, twende Sagana."

"Sagana tulishaenda."

"Hatukuangalia nyuma ya hoteli."

Aligeuza uso akaniangalia. Nilidhani ataniuliza. Labda alidhani ni ujinga wa mtoto, au labda hakutaka kuchezea kitu kilichofanana na tumaini. Alisema tu, "Sawa," na hakungoja Jumamosi. Kesho yake, Jumapili, tulikosa kanisa.

Mwenye hoteli alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akapima urefu ule hewani yeye mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

"Alikuwa hapa. Msichana wa bidii, haki. Alikuwa anangoja watu wake waje. Halafu Jumamosi moja, kitu kama mwezi sasa, akafunga nguo zake. Nikamwuliza, 'Na watu wako?' Akaniambia, 'Siko na watu.' Sikuelewa."

Mimi nilielewa. Nilisimama pale, mafuta ya samaki yakiruka kwenye karai, nikaelewa yote kwa mara moja, jinsi mtoto anavyoweza kuelewa kitu kikubwa kuliko yeye. Tata alikuwa ameniona nikienda kusema. Alikuwa amefuta mikono akangoja. Na hakuna mtu aliyekuja.

Mwanamke yule alijua alikoelekea. Ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja anayeuza maembe, katika nyumba ya mabati yenye kuku mlangoni. Tulimkuta amelala kitandani amegeukia ukuta, na kando yake kifurushi cha blanketi kilichokuwa kikikohoa. Kilikuwa na siku tisa.

"Wangeci," mama akasema.

Tata hakugeuka upesi. Alipogeuka, aliangalia mama, kisha akaniangalia mimi, na macho yake yakabaki kwangu mpaka nikaangalia kuku.

"Umekuja kuangalia nini?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Sasa?"

"Nisamehe. Twende nyumbani."

Alikuja kwa sababu ya kile kikohozi. Alisema hivyo wazi, mbele ya mwenye nyumba: "Naenda kwa sababu ya mtoto." Mama alimbeba mtoto njia yote kama mtu aliyepewa glasi iliyojaa pomoni.

Na matembezi yakaisha. Nilikuwa nimekisia vizuri. Jumamosi mama alirudi kwa mashine, na jioni alipika njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, sufuria baada ya sufuria, ili Tata apate maziwa. Mtoto alipona kifua. Chumba kilijaa nepi na mvuke. Lakini Tata aliyekuwa akicheka hadi majirani wacheke, huyo hakurudi. Alijibu "ndiyo" na "hapana". Mama alimwekea nyama kubwa, akaisogeza pembeni ya sahani. Mama alimnunulia leso mpya, ikakaa kwenye karatasi yake. Mama alianza kuongea peke yake anapoosha vyombo: "Nimfanyie nini tena? Nimwombe msamaha mara ngapi?" Mimi nililala kati ya hao wawili, nikiwa na kitu kimoja walichohitaji, na sikukitoa. Nilihesabu: leo nitasema. Kesho nitasema. Nikiona Tata ananiangalia, nilikwenda kuchota maji hata kama ndoo imejaa.

Jumamosi ya tatu, mama alipokuwa akivaa viatu vya kwenda kibandani, Tata alitokea nyuma ya pazia amembeba mtoto mgongoni, begi begani.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Nimepata kazi Karatina. Kuna mama ananipa chumba."

"Wangeci, ati Karatina? Na mtoto wa mwezi mmoja? Nimekukosea, ndiyo. Nimesema. Lakini nilikutafuta! Uliza hawa watoto, nimekutafuta mpaka—"

"Usiniambie ulinitafuta!" Sauti ya Tata ilikuwa imekaa muda mrefu ndani, ikatoka imechacha. "Ulikuja Sagana, ukajua niko, ukala chakula yako hapo mtoni ukaenda. Mtoto wako aliniona! Nilimwona akishuka kukuambia. Nilikaa kwa hiyo mawe mpaka saa kumi na mbili, tumbo ikiniuma, nikisema anakuja, wacha amalize chai, anakuja. Ukapanda gari."

"Mtoto gani?" mama akasema.

Mtoto mgongoni alipiga chafya. Mama aligeuka polepole, na Tata pia, na hata Ndirangu, ambaye hakujua lolote, aliniangalia kwa sababu wote walikuwa wakiniangalia.

"Mami hakujua," nikasema. "Sikumwambia. Nilimwambia hakuna mtu."

"Kwa nini?" Ni Tata aliyeuliza, si mama.

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Lililotoka lilikuwa la kweli.

"Alisema akikupata ataacha kutupeleka kutembea."

Nimewahi kuzaa, nimewahi kuzika, na bado sijaona nyuso mbili zikibadilika kama zile. Mama alikaa kitandani na kiatu kimoja. Begi la Tata liliteleza begani likaning'inia kwenye kiwiko, na hakuonekana kulihisi.

"Kwa hivyo hukujua," akamwambia mama.

"Ngai wangu. Wangeci. Wewe ulikaa ukifikiri nilikuona nikakuacha?"

Kisha mama akasema, bila kunitazama, "Shiru, mchukue Ndirangu. Nendeni nje. Mniache na mdogo wangu."

"Nje wapi?"

"Nje tu."

Tukatoka. Tulisimama katikati ya ploti, chini ya kamba, bila chupa ya chai wala karatasi ya kalenda. Ndirangu aliniuliza tunaenda wapi nikamwambia hatuendi. Ndani zilianza sauti za juu, ya mama na ya Tata zikigongana, kisha moja ikashuka, kisha nyingine. Kulikuwa na kilio, sijui cha nani, kwa sababu wale wawili hulia sauti moja. Mama Njoki alitoka mlangoni kwake akamwaga maji, akaniona uso, akarudi ndani bila kuuliza.

Tata alikaa na sisi miaka minne baada ya siku ile, mpaka alipofungua duka lake la kushonea, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake sasa ananizidi urefu. Lakini pale uani sikuwa najua hayo. Nilijua tu kwamba mlango umefungwa na kwamba mimi ndiye niliyesababisha.

Ukafunguka. Tata alitoka bila begi. Macho yalikuwa yamevimba, na alikuwa amemshika mikononi mtoto, ambaye tangu waje Tata hakuwa ameniruhusu hata kumgusa. Alinijia moja kwa moja. Nilifikiri atanipiga, na nikasimama vizuri ili asikose.

"Kaza mikono," akasema. "Kichwa ukishike hivi. Ukimwangusha utaniona."

Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto. Nikasimama naye, sikusogeza hata kidole cha mguu.

"Shiru!" mama akaita kutoka ndani.

Nikamwangalia Tata.

"Enda," akasema. "Enda naye hivyo hivyo."

Nikaitika, nikaingia.